Wazazi wakienda Ulaya, nani anabaki na watoto?

Katika likizo kubwa iliyopita, mwezi wa saba na wa nane 2025, simu nyingi za hapa Goma zilipokea picha za namna moja. Bwana na bibi wamesimama Bruxelles mbele ya Atomium, ule mnara wa mipira ya chuma uliojengwa kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1958. Bwana na bibi wako mezani kwa dada yao, sombe na makayabu kwenye sahani, vyote vimenunuliwa Matonge. Bwana na bibi wako chini ya kibao cha Square Patrice Lumumba, pale Bruxelles mpakani mwa Ixelles, uwanja uliozinduliwa tarehe 30 mwezi wa sita 2018. Na chini ya picha watu wanaandika: "Mungu ni mwema", "Félicitations", "Mutuletee na siye kitu". Katika yote niliyosoma sikuona mtu aliyeuliza: na watoto wako kwa nani?

Tulipoleta swali hilo kwenye kipindi, simu hazikunyamaza. Wengine walituambia hayatuhusu, mtu akila jasho lake aachwe ale. Wengine waliwatukana wazazi hao kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa. Ila kuna simu moja iliyonifanya nikae chini niandike. Ilikuwa ya mama aliyekimbia Kitshanga mwanzo wa mwaka 2023, akaishi miaka miwili chini ya turubai upande wa magharibi ya mji, na leo anapanga chumba kimoja Ndosho pamoja na familia nyingine. Alisema hivi: "Siye tukiachia jirani batoto tuende kulima, munasema tumetupa batoto. Benyewe banaenda Bulaya mwezi muzima, munasema Mungu amebabariki. Mutuambie, mutoto analia tofauti?"

Hatukuwa na jibu hewani, na muda ulikuwa umeisha. Hapa nina nafasi zaidi.

Kwanza niseme wazi kwamba mimi si mmoja wa wanaosema wazazi hawa hawakupaswa kwenda. Nazungumzia hasa familia moja ya mtaani ninayoijua, ambayo sitaitaja, lakini wengi watajiona humo. Bibi huyo hakuwa amemwona dada yake mkubwa kwa miaka 11. Mama yao mdogo alizeekea huko Ubelgiji, na mwaka huu madaktari walisema asitegemee mwaka mwingine. Bwana ana kazi, na kwa miaka mitatu waliweka likelemba bila kuruka mwezi hata mmoja. Hii ndiyo safari ambayo watu wanaiita "kwenda kutembea". Ndiyo, walitembea, walipiga picha, walicheka. Lakini mtu anayekwenda kumwona mama mdogo wake kwa mara ya mwisho sitamwita mpenda starehe. Hata kama angekuwa mpenda starehe, bwana na bibi waliooana miaka kumi, wakavuka vita, tetemeko na volkano pamoja, wakitaka wiki mbili za kukaa wawili bila kufua nguo za mtu, sioni dhambi.

Kinachonisumbua ni namna watoto walivyobaki. Na ili kuielewa namna hiyo lazima tuanzie kwenye dosye ya viza, maana huko ndiko watoto walikokatwa kwenye safari.

Ninyi ambao hamjawahi kuomba viza ya Schengen, sikieni. Ada yake ni euro 90 kwa mtu mzima, tangu mwezi wa sita 2024; zamani ilikuwa 80. Mtoto wa miaka 6 hadi asiyefika 12 analipa nusu, euro 45. Mtoto wa chini ya miaka 6 halipi kitu. Familia ninayoizungumzia ina watoto watatu: wa miaka 9, wa 5 na wa 2. Piga hesabu mwenyewe. Wazazi walilipa euro 180. Kuwaweka watoto wote watatu kwenye ombi kungeongeza euro 45 peke yake, basi. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba ni ada ya viza iliyowazuia.

Tiketi za ndege, hiyo ni habari nyingine. Mtoto akishafika miaka miwili anakaa kiti chake, na kiti kinalipiwa. Kwenda na kurudi Bruxelles kunapita dola elfu moja kwa mtu mmoja kirahisi. Na Goma ndege za abiria haziruki tangu vita vilipoingia mjini mwisho wa mwezi wa kwanza 2025. Lazima uvuke mpaka kwa miguu au kwa gari, uende kupandia nchi jirani. Ombi lenyewe la viza kwa mkaaji wa Congo kwa kawaida linapitia Kinshasa, mbali na hapa zaidi ya kilomita 1,500 kwa ndege, na siku hizi hata kufika Kinshasa ni kuzunguka nchi mbili tatu. Mtu anayezunguka hivyo na watoto watatu anatumia pesa ya nyumba.

Lakini kuna sababu ya tatu, ambayo watu wanaisema kwa sauti ya chini, na ndiyo inayoniuma. Konsulati inataka kuamini kwamba utarudi. Wakiona mashaka kwamba hutarudi, wanakataa, na pesa ya ombi hairudi. Sasa ni nini kinachothibitisha kwamba utarudi? Barua ya kazi, karatasi za nyumba au za kiwanja, cheti cha ndoa. Na watoto. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto anayebaki Goma kina uzito kwenye dosye kuliko maneno yote ya bwana na bibi. Wale wanaosaidia watu kutengeneza dosye, na tuko nao wengi mjini hapa, wanashauri waziwazi: "Musiombee batoto. Batoto babakie, ndio bataonyesha kama mutarudi."

Zamani mtu akikopa pesa aliweka rehani baiskeli, au redio, au mbuzi. Sasa tunaweka mtoto wa miaka miwili. Sisemi konsulati imeomba hivyo kwa barua, haijaomba. Ni sisi tumejua mlango unavyofunguka, tukatengeneza ufunguo. Lakini mtoto aliyewekwa kwenye dosye kama dhamana ana haki ya kuulizwa, angalau na wazazi wake: huyu anabaki na nani, anakula nini, na ikitokea jambo anakimbilia wapi?

Katika dosye ile mliandika kila kitu. Ndugu wa Ubelgiji alikwenda komini yake kusaini ile karatasi ya prise en charge, akaonyesha mshahara wake, akakubali kuwajibika kwa malazi yenu, matibabu yenu na gharama ya kuwarudisha ikihitajika. Mlinunua asuransi ya safari, ile ambayo lazima ifunike angalau euro 30,000. Maana yake, kama bwana angeanguka kwenye ngazi za treni Bruxelles, kulikuwa na mtu wa kulipa, namba ya kupiga, na karatasi inayosema nani anahusika. Kwa watoto waliobaki Goma, katika mji ambao mabanki yalifunga milango, kulikuwa na nini?

Kulikuwa na tate.

Tate huyo ana miaka zaidi ya 65. Alichukuliwa kwake, akaletwa kwenye nyumba asiyoizoea, akaachiwa watoto watatu, msichana wa kazi wa miaka 16 na simu ndogo ya kubonyeza. Pesa ya wiki mbili ya kwanza aliachiwa mkononi. Iliyobaki ingetumwa kwenye simu. Ilitumwa kweli, siwasingizii. Lakini kila anayekaa Goma anajua mwaka 2025 ilikuwaje kutoa pesa kwenye simu: unakuta wakala hana noti, au ana noti na anakata asilimia yake juu ya ile ya kampuni, au anakupa noti zilizochakaa ambazo muuza unga anazikataa. Tate alishinda siku nzima kwenye jua akitafuta nani wa kumtolea dola 50. Wiki ya tatu mtoto wa kati akashikwa na homa kali usiku. Kituo cha afya kilimpokea, na namshukuru Mungu ilikuwa malaria iliyoshikwa mapema. Ila muuguzi aliuliza maswali ya kawaida. Mtoto ana miaka mingapi kamili? Karatasi ya chanjo iko wapi? Kuna dawa inayomdhuru? Nani anasaini? Tate alijua jibu moja tu kati ya hayo manne. Msichana wa kazi alijua moja jingine. Mama mzazi hakupokea simu, kwa kuwa alikuwa amelala, na simu yake haikuwa na sauti.

Huyo tate hakunung'unika. Alinisimulia huku akichambua maharagi, bila hasira. Mimi ndiye niliyekasirika, na bado nimekasirika.

Kuna jambo jingine, na wazazi wengi watanichukia kwa hili. Watoto hawakuambiwa. Wazazi waliondoka alfajiri, watoto wamelala. Yule wa miaka 9 ndiye peke yake aliyejua, na aliambiwa asiseme. Wale wadogo wawili walipoamka waliambiwa papa na mama wamekwenda sokoni Virunga. Sijui nani alituanzishia tabia hii, lakini iko kila mahali, Goma, Bukavu, Butembo. Tunafikiri tunamkinga mtoto na machozi. Mtoto wa miaka 5 alikaa kwenye mlango wa lupango jioni ya kwanza, ya pili, ya tatu. Jirani alimwuliza anafanya nini hapo. Akajibu: "Mama alisema anaenda ku soko, na soko iko inafunga magaribi."

Katika mji mwingine labda hilo lingekuwa jambo dogo la kuchekesha. Hapa kwetu hapana. Mtoto wa miaka 5 wa Goma alizaliwa karibu na mwaka wa volkano. Amesikia mabomu kabla ya kujua kuhesabu hadi mia. Darasani alikaa na watoto ambao baba zao walitoka asubuhi na hawakurudi, na ambao nao waliambiwa "amekwenda kazini". Mtoto kama huyo mzazi akipotea bila neno, hatafikiria likizo. Atafikiria kile anachokijua.

Hapo namrudia mama wa Kitshanga, maana wakati tunawahurumia wakimbizi wa ndani kila siku, tunasahau kwamba kuhusu jambo hili wao ni walimu wetu. Nilimtafuta baada ya kipindi. Nilitaka kujua yeye anafanyaje anapowaacha watoto wake kwenda kulima shamba la mtu, siku tatu, mara nyingine siku tano, kwa sababu hakuna kazi nyingine. Alinieleza kama mtu anayeeleza namna ya kupika ugali. Jioni kabla ya kuondoka anawakalisha wote. Anasema anakwenda wapi, kwa nani, atalala mara ngapi. Anamwachia mkubwa vijiti: kila wakilala wanavunja kimoja, vikiisha mama yuko njiani. Jirani anayebaki nao anaitwa, anakaa hapo hapo, watoto wanasikia mama akimkabidhi: huyu ndiye mama yenu kwa siku hizi. Na yule mdogo wa miaka minne anajua kuimba jina lake lote, jina la baba, jina la mama, kijiji, na namba ya simu ya mjomba aliyeko Sake. Ni wimbo alioutunga mama mwenyewe. Aliutunga barabarani mwaka 2023, baada ya kumpoteza mmoja wa watoto kwa usiku mzima katika umati wa watu waliokuwa wakikimbia. Alimpata asubuhi kwenye ukumbi wa kanisa.

Mama huyo hajamaliza shule ya msingi. Wazazi wa Atomium wana diploma mbili nyumbani. Huyo tulimwambia ametupa watoto!

Nadhani hapa ndipo jibu la swali lake lilipo. Tunawapima wazazi kwa mahali wanakokwenda. Anayekwenda shambani ni maskini, kwa hiyo tunamshuku. Anayekwenda Ulaya ana bahati, kwa hiyo tunampongeza. Mtoto hapimi hivyo. Kwake kuna swali la aliyebaki naye, na la siku ya kurudi.

Kuna watakaosema natia chumvi, kwamba wiki tano si kitu, kwamba sisi wote tulilelewa na tate zetu na tukakua vizuri. Ni kweli, na mimi pia nimelala kitanda cha tate wangu likizo nyingi. Lakini tate wa zamani alikuwa kijijini kwake, shamba liko nyuma ya nyumba, maji kwenye kijito, wajomba watano kwenye kilima kimoja. Ulipelekwa kwake, hakuletwa yeye kwako. Tate wa leo Goma anakaa katikati ya mawe meusi ya volkano, ananunua bidoni ya maji, ananunua makala, hamjui jirani, na wajomba wote wamehama. Tumemwachia kazi ile ile na kumnyang'anya vyombo vyake vyote.

Tena kuna jambo la mji wenyewe. Usiku wa tarehe 22 mwezi wa tano 2021, siku ya posho, Nyiragongo ilipopasuka, watu walitoka na walichoshika mkononi. Siku tano baadaye, alfajiri, gavana wa kijeshi alitangaza kwamba kartiye kumi za Goma zihame mara moja, na mji ukamwagika barabara ya Sake na mpakani. Watoto zaidi ya mia moja walitengana na familia zao usiku ule wa kwanza. UNICEF na Msalaba Mwekundu walihangaika kuandika majina. Mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, wakati wa mapigano mjini, umeme ulikatika, maji yakakatika, intaneti ikakatika, mpaka ukafungwa kwa muda. Najua watu waliokuwa nje ya nchi wakati huo kwa kazi au matibabu, watoto wao wako hapa. Siku nzima, siku ya pili, simu haiiti. Mmoja aliniambia alikuwa anatazama picha za mtaa wake kwenye televisheni ya hoteli, akitafuta paa la nyumba yake.

Kwa hiyo mtu wa Goma akisema "nitakwenda wiki tano tu", hasemi kama mtu wa Lyon anayempelekea mama yake watoto kijijini ili aende kupumzika baharini. Neno "tu" hapa kwetu ni la kuogopa. Volkano haisubiri viza yako iishe. Tate wa miaka 65 na msichana wa 16, watoto watatu, usiku, tangazo la kuhama: wanatoka na njia gani? Wanakwenda kwa nani, Sake, Bukavu kwa boti, au Gisenyi? Na wakifika kwenye kizuizi cha mpaka, karatasi gani inaonyesha kwamba tate huyu ana haki ya kuvuka na watoto hawa? Nilimwuliza bwana mwenyewe baada ya kurudi. Alikaa kimya kidogo, kisha akaniambia hawakufikiria hilo hata mara moja. Ni mtu mwerevu, na alijibu kwa ukweli, nami nilimheshimu kwa hilo.

Sheria yetu iko wazi katika msingi wake. Kanuni ya Familia ya tarehe 1 mwezi wa nane 1987, iliyorekebishwa mwezi wa saba 2016, inaweka mamlaka juu ya mtoto mikononi mwa baba na mama. Na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 inasema mtoto ni kila aliye chini ya miaka 18. Angalieni basi: yule msichana wa kazi wa miaka 16 aliyeachiwa watoto ni mtoto naye. Katika nyumba ile, mtu mzima alikuwa mmoja kwa watoto wanne. Na msichana huyu, ambaye hakuna aliyemtaja katika simu zote tulizopokea, ndiye aliyebeba mtoto mgongoni hadi kituo cha afya usiku ule. Alirudishiwa nini? Mafuta ya kupaka na fulana iliyoandikwa Brussels.

Mzazi anayesafiri hawezi kuhamisha mamlaka yake kwa kumpa tate busu kwenye paji la uso. Andika karatasi. Ukurasa mmoja unatosha: majina ya watoto na tarehe za kuzaliwa, jina la anayebaki nao, kwamba anaweza kuwapeleka hospitalini na kusaini, kwamba anaweza kusafiri nao ikibidi kukimbia, hadi kwa nani. Saini wote wawili, baba na mama, na mkuu wa kartiye aweke sahihi yake. Bandika nyuma yake nakala ya vyeti vya kuzaliwa na karatasi za chanjo. Pesa iachwe mkononi, yote, kwa noti nzima, hata kama inauma. Ile ya simu iwe ya nyongeza. Tafuta mtu mzima wa pili, mwenye miguu mizima, anayekaa mwendo wa dakika kumi, ambaye amekubali mbele yako. Kama huna mtu huyo Goma nzima, basi labda safiri bibi mwaka huu, bwana mwaka ujao. Najua ndoto ilikuwa kwenda wawili. Ila dada wa Ubelgiji, aliyesubiri miaka 11, angependa pia kumwona mtoto wa dada yake. Na yule wa miaka 2, kama safari ingefanyika mwaka mmoja mapema, angesafiri mapajani mwa mama yake kwa bei ndogo sana.

Nalisema hilo kwa wale wa huko pia, ndugu zetu wa Bruxelles, Liège, Paris, Lyon, ambao wanatusoma kwenye simu. Ninyi ndio mnaosaini prise en charge. Najua mnafanya kazi za zamu, mnarudi saa nne usiku, chumba cha wageni ni sebule, na watoto watatu wa kutoka Goma ndani ya nyumba yenu ni mzigo. Ila mkiita wazazi peke yao, ulizeni kabla ya kwenda komini: watoto wanabaki na nani? Swali lenu lingekuwa na nguvu kuliko kipindi changu chote. Anayealika ana haki ya kuuliza.

Mtasema: na wale watoto wako vipi sasa? Wako vizuri. Wamenenepa, tate hajui kupika kidogo. Shule imeanza, wa miaka 9 anasema anataka kuwa rubani. Yule wa 2, wazazi walipoingia mlangoni na masanduku, alijificha nyuma ya kitenge cha tate na kwa siku tatu alikataa kubebwa na mama yake. Alimwita tate "mama". Bibi huyo alilia jikoni, na aliniruhusu niliandike. Mama yake mdogo, yule mgonjwa wa Ubelgiji, alifariki majuma mawili baada ya wao kurudi, kwa hiyo nikimwuliza kama angekwenda tena, ananijibu ndiyo bila kungoja nimalize. Namwamini. Tena anaongeza kwamba siku ile alfajiri angewaamsha watoto.

Najua sasa hivi kuna wengine wanaotayarisha dosye kwa ajili ya Noeli. Mkae mkijua kwamba wakati wa kiangazi saa ya Bruxelles na saa ya Goma ni moja, lakini kuanzia mwisho wa mwezi wa kumi wao wanabaki nyuma kwa saa moja. Mtoto wa miaka minne hapa analala saa mbili za usiku, na mara nyingi kabla. Pigeni kabla ya saa kumi na mbili za jioni za huko, kila siku saa ile ile, na sauti ya simu iachwe juu usiku kucha.